Babu Yuko Chumba cha Pili

Makumbusho yenyewe ni vyumba viwili vya bati nyuma ya soko la Garsen. Mwenyewe ni mzee wa Kipokomo aliyemaliza ujana wake akitengeneza pampu za maji kule Bura, na kila likizo alirudi nyumbani na kitu cha mtu: kinu kilichopasuka, redio ya mbao, kengele ya ngamia. Mkewe alimtania kwamba ipo siku atamwokota binadamu. Niliingia kwa sababu ilikuwa Ijumaa, duka nililojia mjini limefungwa kwa sala, na jua halina huruma.

Chumba cha pili, kati ya mtumbwi mkuukuu na pasi za makaa, nilimkuta babu yangu.

Sisi Wagiriama, mzee wa heshima akifa huchongewa kigango, mti mrefu wenye kichwa na mabega na nakshi za pembetatu, ukasimikwa pale nyumbani. Ukishasimikwa haung'olewi; ukiondolewa, balaa huiandama nyumba. Mkihama mnauacha, mchwa wakija mnawaacha wale. Cha babu kilikuwa na pembetatu moja iliyokwenda kombo bega la kushoto, kwa kuwa mchongaji alipiga chafya, au ndivyo baba alivyotuambia. Nikapeleka kidole begani. Kombo ile ile! Nikakaa juu ya mtumbwi wa watu.

Kigango hicho kilipotea nyumbani kwetu, karibu na Idsowe, mwaka ule mto ulipokuwa unakula kingo. Baba alisema kimeibwa. Hakumtaja mtu, ila jirani yetu Mworma, mfugaji, ndiye peke yake aliyekuwa na mkokoteni wa punda, na watu wakamalizia wenyewe. Mama akaacha kununua maziwa kwao. Tangu hapo mahindi yakikauka, mtoto akiugua, ni jirani.

"Mzee, huyo mwizi alikuuzia lini?" nikamfokea mwenye makumbusho, aliyekuwa amesimama mlangoni.

Alishtuka kuliko mimi. "Mwizi yupi, mwanangu? Hiki hakikuuzwa. Kililetwa na Mgiriama mmoja mrefu, mguu wa kulia anauburura kidogo. Alisema mto umeshafika, hawezi kumwacha baba yake achukuliwe na maji. Nimwekee, na nisimwambie mtu."

Baba huburura mguu wa kulia. Baba, ambaye alitukemea tukicheza tu karibu na kile kigango!

"Bado huja," mzee akaendelea. "Hukaa hapo ulipokaa wewe, akamwaga tembo la mnazi kidogo chini. Mimi hutoka nje nikamwacha naye."

Nikatazama sakafuni. Saruji ilikuwa na doa jeusi. Kumbe hizo ndizo safari alizotuambia ni za kliniki.

Nilikasirika, tena sana. Kwamba alivunja mwiko nilielewa. Pale kiliposimama kigango leo ni maji matupu, na babu angekuwa ameshafika baharini Kipini. Nilichoshindwa kumeza ni jirani. Mtu anaitwa mwizi miaka yote hii, na baba amekaa kimya anakunywa chai!

"Alikuja peke yake?" niliuliza, angalau nijue yote.

"Na mti huu? Aa-a. Alikuja na rafiki yake Mworma. Mkokoteni ulikuwa wa yule Mworma. Ndiye aliyemshika bega njia nzima, maana mwenzake alikuwa analia."

Sikumbuki nilivyoaga. Dukani sikurudi.

Jioni jirani alipita mbele ya lango letu na mkokoteni wake, kama kawaida. "Hamjambo huko ndani?" akaita, kama kawaida. Mama akageuza uso. Baba, kwenye kiti chake, akainama kuufunga upya ukanda wa kiatu ambao haukuwa umefunguka.

Nikaingia jikoni, nikatoa ule mtungi wa maziwa uliokuwa umejaa vumbi, nikausuuza pale pale mbele ya baba. Mama akauliza nakwenda nao wapi. Baba hakuuliza.