Maziwa Yalipopungua

Mtoto wetu wa kwanza alikuwa na wiki sita nilipopatwa na mafua. Tuliishi Awendo, na mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Kosele kunisaidia kulea. Pua iliziba, kikohozi kikanikaba hata kunyonyesha kukawa kazi. Mume wangu alipita dukani akaninunulia vidonge vya mafua. Muuzaji hakumuuliza ni nani atakayevimeza.

Pua ilizibuka siku hiyo hiyo. Siku ya tatu mtoto alinyonya kidogo, akaachia titi, akalia. Akajaribu tena, akalia zaidi. Maziwa yalikuwa yamepungua. Nilidhani kasoro ni yangu, nikaanza kulia huku nimempa mama mkwe mgongo. Sikuwa nimemzoea. Alikuwa mtu wa maneno machache, na niliogopa ataona mwanawe ameoa mke asiyeweza kulea.

Alikuja akaketi kando yangu kitandani.

"Nyathina," aliniita, yaani mwanangu. Hakuwa amewahi kuniita hivyo. "Umekuwa ukimeza nini?"

Nilimwonyesha vidonge vikiwa kwenye pakiti. Maandishi yake yalikuwa madogo mno kwa macho yake, basi akavifunga kwenye leso, akampakata mtoto, tukaenda zahanati.

Nesi alimpima mtoto kwanza. Uzito wake haukuwa umeshuka. Kisha akasoma pakiti.

"Humu mna dawa ya kuzibua pua," alisema. "Kwa akina mama wengine inapunguza maziwa. Iache, na umnyonyeshe kila anapotaka. Yatarudi. Kichwa kikiuma, parasetamo inatosha, kwa kipimo kilichoandikwa. Pua isafishe kwa maji ya chumvi. Na siku nyingine, ukiwa na mimba au unanyonyesha, sema kabla hujauziwa dawa yoyote."

"Kwa hivyo si kosa lake," mama mkwe alisema.

"Si kosa lake, mama."

Tulirudi polepole. Njiani aliniambia kwamba naye, kwa mtoto wake wa pili, maziwa yalikauka, na watu wakasema ana mkosi. Hakupata wa kumuuliza. Alilisema hilo akitazama barabara, mkono wake ukimkinga mtoto na jua.

Alinipikia uji wa wimbi asubuhi na jioni, akasimama hapo mpaka nimalize. Siku ya nne tangu niache vidonge nilimsikia mtoto akimeza, mara moja, kisha tena na tena. Mama mkwe alikuwa akichambua mboga mlangoni. Aliacha mikono itulie, akasikiliza.