Siku Niliyomnunia Mungu Zizini

Moshi wa kuni mbichi na maziwa yaliyofurika hadi kwenye majivu: hiyo ndiyo harufu ya Julai kwetu Giakanja, ukungu ukiwa umetufungia jikoni na Cucu, nyanya yangu, akitusomea manabii. Nilikuwa na miaka kumi. Nilimpenda yule aliyemezwa na samaki, maana mimi pia sikupenda kutumwa. Lakini mwisho wake uliniudhi. Mji mzima umejaa maovu, watu wanavaa magunia siku chache, basi, wamesamehewa! Nabii akanuna, nami nikanuna naye.

Jumatatu ilikuwa zamu yangu ya kukatia ng'ombe majani. Nikasingizia kuumwa na tumbo, nikajikunyata kitandani, akaenda binamu yangu Wairimu, mtu wa kufanya kila kitu mbio mbio. Alikata majani ya viazi vitamu yakiwa yamelowa umande, akamlisha ng'ombe wetu wa pekee papo hapo, bila kuyaacha yanyauke kwanza. Kufikia saa nne ubavu wa kushoto wa mnyama ulikuwa umevimba kama ngoma, na alikuwa na mimba. Cucu alimnywesha mafuta ya kupikia kwa chupa, akamtembeza mtelemko mzima huku akiomba kwa sauti, "Mungu wa kusamehe, tutoe hapa!" Wairimu alilia. Mimi, tumbo limepona ghafla, nilikaa juu ya debe nikingoja fimbo imshukie.

Adhuhuri ng'ombe alicheua kwa kishindo, ubavu ukaanza kushuka. Cucu akampangusa Wairimu machozi. "Wacha kulia, mama. Ingia ndani unywe chai."

"Ati chai?" nikaruka. "Na kiboko, Cucu?"

Akanitazama kwa utulivu wa kuudhi. "Wewe, tumbo ilipona saa ngapi?"

Nikajifanya namtazama ng'ombe. "Haya, kuja unywe pia," akasema. Nikaibeba chai ile hadi zizini, nikaketi tena juu ya debe, nimenuna.

Leo Cucu hayupo. Wairimu ana duka Nanyuki, mimi sijahama boma hili hata hatua kumi, na ndimi ninayewafundisha watoto wa kanisa habari za manabii. Nikifika kwenye ule mji uliosamehewa, nasoma haraka haraka. Umri wote huu, bado naona Mungu ana haraka mno ya kusamehe watu. Isipokuwa mkosaji akiwa mimi. Hapo naona anakawia.