Sheria ya Saa Kumi

Lori lilipofunguliwa nyuma nilibaki mdomo wazi. Nilitarajia mahema, sufuria na magunia ya viazi, na kweli vilikuwepo, lakini chini yake kulikuwa na makreti ya bia, na wiski, na brandi, chupa zimelazwa kwenye nyasi kavu kama mayai. Mimi ni mtu wa Bondeni, mtaa wa Waislamu pale Nakuru. Wazazi wangu walikuja Nakuru na reli kutoka pwani, na nyumbani kwetu hata siki ilinuswa kwanza kabla ya kutiwa kwenye kachumbari. Nikajiuliza kama hawa watu wamekuja kupanda mlima au kuzama.

Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini. Wazungu wa mjini na wa mashambani walikuwa na chama chao cha kupanda milima, na mwaka ule walikutana kama watu thelathini, wakapiga kambi chini ya mlima Eburru, upande wa Ndabibi. Mimi niliajiriwa kuwapikia.

Mkuu wao alikuwa bwana mrefu, mwembamba, aliyeamrisha hata alipokuwa anaomba chumvi. Kabla hema la kwanza halijasimama, alipigilia ubao wa sheria kwenye shina la mti wa leleshwa. Moto usiwashwe nje ya duara la mawe. Mtu asitembee peke yake. Pombe isiguswe kabla ya saa kumi, watembezi wote wakiwa wamerudi. Chupa zote zikatiwa katika sanduku la mbao lenye kufuli, kisha akaniita.

"Wewe Mswahili, hapana kunywa pombe, si ndiyo?"

"Sijaionja tangu nizaliwe, bwana."

"Basi wewe shika funguo. Mtu akiomba mbele ya saa kumi, kataa. Hata mimi nikiomba, kataa."

Kichwa kilinivimba. Siku zile kumchelewesha mzungu chai tu kulitosha kukufukuzisha kazi, na huyu ananipa ruhusa ya kumkatalia mbele ya wenzake! Dereva wa lori, Mkristo aliyezaliwa kwenye shamba la mlowezi kule Molo, alinitania siku nzima akiniita mkubwa wa chupa. Sikujali. Nilitembea kambini kama karani wa mahakama.

Jioni ile wote walikunywa isipokuwa mkuu. Yeye alishika kikombe cha chai, akawaambia wenzake kwamba ameacha pombe, huo ni usiku wa pili. Nilimpenda kwa hilo. Nikaona kumbe hata kwao yupo mtu.

Kesho yake walipanda mlima alfajiri. Mkuu alibaki, akisema tumbo linamsumbua. Kama saa nne nilikuwa namenya viazi alipokuja, shati limelowa jasho na asubuhi bado ilikuwa na baridi.

"Tafadhali," alisema. "Kidogo tu."

Nilishtuka. Neno hilo sikuwahi kulisikia kutoka kwa mzungu yeyote, nami nilikuwa nimewapikia tangu nilipooa. Nikamjibu kwa adabu kwamba saa kumi bado. Akaenda, akarudi. Mikono ilikuwa inamtetemeka hata akashindwa kufunga vifungo vya koti. Nikamjibu tena. Mara ya tatu alipiga magoti kwenye majivu ya jiko langu, mzungu mzima, akashika ncha ya kanzu yangu.

Nitasema ukweli maana mzee kama mimi anamficha nani tena. Nilicheka. Nilicheka kwa sauti, nikamwonyesha ule ubao kwa kisu cha viazi, nikamwambia, "Soma, bwana. Si umeandika mwenyewe?" Miaka yote ya kuitwa boi na kurushiwa sahani ilinitoka kwa kicheko hicho, na kilikuwa kitamu.

Akaanguka. Kwanza nilidhani anaigiza. Kisha mwili wote ukakakamaa, macho yakageuka meupe, miguu ikapiga sufuria ya maji ikamwagika. Nilisimama pale na kisu mkononi kama nimepigiliwa. Dereva alikuja mbio, akamgeuza ubavu, akamwekea koti chini ya kichwa mpaka mtukutiko ulipoisha.

"Amekaa bila pombe siku ngapi?"

"Mbili. Ameacha."

"Haiachwi hivyo! Mjomba wangu alikufa hivi hivi, nikiona. Fungua hiyo sanduku!"

"Saa kumi bado," nikasema. Wallahi nilisema hivyo. Mtu amelala chini akihema, nami nasema saa kumi bado.

"Wewe unataka afe ndio ufungue?"

Hapo ndipo akili ilinirudia. Sikujua kwamba pombe huweza kumuua mtu kwa kutokuwepo. Kwetu tulifundishwa kuwa kuiacha ni uzima, basi, hakuna la zaidi. Nikalifungua sanduku. Alipoweza kumeza, nilimnywesha brandi kwa kijiko cha chai, mimi, kwa mkono huu ninaolia chakula, kidogo kidogo mpaka rangi ikamrudia usoni. Dereva akawasha lori tayari kumpeleka hospitali Naivasha, lakini mkuu akakataa kuondoka kabla watu wake hawajarudi.

Walirudi saa tisa. Waliona sanduku wazi na chupa imepungua, na macho yote yakanigeukia. Nikajua kazi imekwisha, na kwamba Bondeni nitaingia na jina la mlevi. Mkuu akasimama, akishikilia mlango wa lori, akawaambia kwa Kiingereza, kisha akarudia kwa Kiswahili ili nisikie: chupa ni yake. Yeye ni mgonjwa wa pombe miaka mingi, na ile sheria aliiandika kwa ajili yake mwenyewe.

"Mpishi alikataa mara tatu," akasema. "Yeye peke yake alifanya kazi yangu sawasawa."

Memsahibu mmoja akaja kunipa mkono. Mwingine akafuata, na mwingine, foleni nzima, nami nikawapa mkono wote, macho chini. Nilipoyainua, mkuu alikuwa ananitazama kutoka ndani ya lori. Alikuwa amesikia kile kicheko tangu mwanzo hadi mwisho, na hakuwaambia.