Fundi Itohan na kompyuta ya kadi mbili iliyozimika

Saa tatu asubuhi, Ikeja, Lagos. Majenereta ya uchochoro mzima yananguruma, na Itohan Osagiede ameinamia kompyuta iliyovuliwa ubavu. Anainua pawasaplai, lile sanduku zito la chuma linaloigawia mashine umeme, analipima mkononi kama anayenunua kuku, kisha anasoma maandishi yake.

Mara macho yanamtoroka. Ng'ambo ya uchochoro kuna duka la vioo, na ndani yake mwanamke mwenye miwani anacheka na wateja wawili.

"Umewaona?" anauliza Itohan. "Suti, asubuhi yote hii! Wangu mimi wanakuja na kandambili."

Mwenye duka lile ni Mfon Udoh. Wawili hao walijifunza ufundi kwa bosi mmoja, wakila mkate na maharage sahani moja. Walipohitimu, Mfon alipewa mtaji na mjomba wake. Itohan alipata meza chini ya ngazi za jengo, na hapo ndipo anapolelea mabinti wake wawili hadi leo.

"Sijawahi kumwombea mabaya," anasema. "Ila kila alipopata mteja mkubwa, mimi chakula kilikuwa hakipiti."

Mwaka jana alikuja Kolapo Adeshina, mtengenezaji wa katuni za watoto. Alikuwa na kadi mbili kubwa za picha, akitaka zifungwe kwenye kompyuta moja. Mfon alishamwambia anunue pawasaplai ya wati 1,200, ambayo bei yake ilikaribia mara mbili ya ile ya wati 850.

"Anti, ni lazima kweli?"

"Nani kakwambia?"

"Yule dada wa mbele."

"Huyo? Huyo atakuuzia jenereta la hospitali uchemshie chai!"

Kolapo akacheka. Itohan akampigia hesabu palepale: kadi mbili, wati 300 kila moja, prosesa 125, vinginevyo 50. Jumla 775. Mia nane hamsini inatosha, na inabaki.

"Hesabu haikuwa na kosa, kosa lilikuwa moyoni," anasema sasa, akiangalia kwingine. "Nilijua kadi kubwa zikishtuka kwa pamoja huvuta zaidi ya hapo, kufumba na kufumbua. Bosi alitufundisha tuache nafasi. Lakini nikitamka 1,200, nimekiri Mfon yuko sahihi."

Mashine iliwaka vizuri mezani. Wiki iliyofuata Kolapo alirudi ameibeba kifuani, jasho likimtiririka. Filamu aliyoihangaikia miaka miwili ilitakiwa kituo cha televisheni Ijumaa. Kila alipozituma kadi zote mbili kuikamilisha, pap! Giza.

"Anti, umeniua."

"Umeme wa shirika huo, NEPA hao."

"Natumia jenereta!"

"Basi jenereta lako bovu."

"Nimejaribu mawili, Anti. Mawili!"

Akaketi juu ya boksi, akashika kichwa. Itohan alizunguka soko zima akitafuta pawasaplai ya wati 1,200. Iliyokuwepo ni moja tu, na ilikuwa kwa Mfon.

Akavuka uchochoro.

"Leo jua limechomoza wapi?" Mfon alimpokea. "Itohan dukani kwangu!"

"Nina mashine inazima."

"Ya yule kijana wa katuni. Ulimwekea ngapi?"

"Mia nane hamsini."

Mfon akavua miwani. "Wewe, Itohan? Wewe ambaye bosi alikuwa akisema dukani kwake kuna mikono miwili tu, na yote ni yako? Na mimi nimesimama palepale, nimeshika tochi!" Hakuwa akicheka tena. "Nilikuchukia kwa maneno yale. Hivi vioo nilivinunua ili uvione."

Miaka yote hiyo Itohan alidhani wivu ule ni wake peke yake.

Mfon aliishusha pawasaplai kwenye rafu, lakini akaweka sharti: Itohan amwambie mteja, mbele yake, nani alikuwa sahihi tangu mwanzo.

"Nikasema," anakumbuka Itohan. "Yalinikwaruza koo kama mwiba wa samaki."

Waliifunga pamoja, kila kadi na nyaya zake za umeme, bila kadi mbili kuchangia waya mmoja. Kadi zikafanya kazi mchana kutwa bila kukatika. Ijumaa Kolapo akafikisha filamu yake, na hadi leo mashine zake zote hujengwa chini ya zile ngazi.

Siku hizi Mfon humletea Itohan mashine nzito zinazomshinda. Kwa mwezi, Itohan anajenga sita. Awali alishukuru akipata mbili. Sasa akija mteja wa kadi mbili, Itohan humtajia bei ya pawasaplai kubwa kwanza. Akibisha, humruhusu aondoke.

Na wivu, umeisha?

"Nikisema umeisha nitakuwa nakudanganya. Jana kapata kazi ya benki. Sikulala vizuri."

Januari anatarajia kuhamia chumba cha duka kilicho wazi ukuta kwa ukuta na Mfon. Aliyemwombea kwa mwenye nyumba ni Mfon mwenyewe.

"Nikamuuliza, una nini wewe? Akasema, 'Nataka uwe karibu, niwasikie wateja wako, nijue yupi wa kukuibia.'" Itohan anachukua bisibisi, anarudi kwenye mashine yake. "Aje tu. Mimi wa kwake wawili, wale wa suti, nishawachagua."