Kufuli la Simu na Sauti ya Bibi

Kikohozi nilikisikia kwanza. Nilikuwa uani, nyumbani Iringa, naanua nguo kabla ukungu haujazilowesha upya, na humo ndani bibi akakohoa kama alivyokohoa kila alipotaka kuanza hadithi. Bibi tulimzika masika yaliyopita. Nikaziacha nguo kwenye kamba, nikaingia ndani.

Kaka yangu alikuwa ameinamia kompyuta yangu, kidole kingali kwenye kitufe. Anauza simu Mwanjelwa, Mbeya, na alikuwa ameniletea mpya, ingali ndani ya boksi.

"Kumbe ulimrekodi," akasema.

"Hadithi zake zote. Ndizo riwaya yangu. Hizo ni nakala, nazikagua kabla sijafungua kufuli la simu."

Waliotengeneza simu yangu walikuwa wameitelekeza, hawaitumii tena masasisho. Programu moja baada ya nyingine ilianza kuikataa. Nikaamua kuung'oa mfumo wao na kuweka mwingine, kazi ya watu wanaojitolea. Lakini ukifungua kufuli la mfumo, lile linalozuia kuubadili, kila kilichomo kwenye simu hufutika.

"Chukua hii, dogo. Hilo kopo lako tupa."

Nikasoma namba ya toleo kwenye boksi, nikaitafuta mtandaoni. "Hii kufuli lake halifunguki kabisa. Yangu niliichagua kwa sababu inafunguka."

"Nani anataka kufungua? Watu wanataka kupiga picha!"

"Nyumba nisiyoweza kubadili kitasa chake, mimi humo ni mpangaji tu."

"Mwandishi bwana! Ukikosea je? Utamzika bibi mara ya pili."

Neno hilo lilinichoma, maana lilikuwa na ukweli. Nakala ambayo simu huipeleka yenyewe mtandaoni ilibeba picha na namba za watu, rekodi ikaziacha. Ndiyo maana nilizihamisha kwa waya, nikaziweka kwenye kompyuta na kwenye flashi, na sasa nilikuwa nasikiliza moja moja hadi mwisho.

"Si uangalie tu kama zipo?"

"Faili linaweza kuwapo na likawa bubu."

Tukasikiliza pamoja. Hadithi ya chui ilikatika katikati. Nikaihamisha upya, mara hii ikafika mwisho, na hapo mwisho bibi akafoka: "Mume wangu, funga huo mlango! Unamkaribisha nani na baridi hii? Mke mwenzangu anatetemeka."

Mume ni kaka, mke mwenza ni mimi. Ndivyo alivyotutania tangu utotoni. Kaka alicheka, kisha akajifuta uso kwa kiganja.

"Usiiguse, dogo. Nakuomba. Iache ilivyo."

"Walioitengeneza wameshaihukumu kufa, kaka. Mimi sijawapa ruhusa."

Nikamwekea flashi mkononi, nikabonyeza kukubali.

Kioo kikawa cheusi. Kaka aliifumbata flashi kama mtoto aliyetumwa chumvi. Simu ikawaka, tupu, haimjui yeyote. Nikapandisha mfumo mpya, nikarudisha rekodi, nikagusa ile ya chui.

Simu ikakohoa.

"King'ang'anizi wewe," kaka akasema, akilikwapua boksi lake. "Nitamuuzia anayejua kushukuru."

"Muuzie. Flashi kaa nayo, ukamsikilize Mbeya."

Akaitia mfuko wa shati. Tangu utoto kaka hajawahi kufunga mlango anapotoka. Bibi alizeeka akimfokea. Alivuka kizingiti, akasita, akarudi hatua moja, akauvuta taratibu hadi komeo likalia.