Kihenge cha Mama Sikujua

Siku hizi ukimtaja marehemu mama yangu pale kijijini kwetu, upande wa Bukombe, watu wanainamisha vichwa na kusema alikuwa mtakatifu. Wanafiki wakubwa. Mwanzoni mwa mwaka themanini na nne walitaka kumchomea nyumba, na waliotaka ni haohao waliokuwa wanakula chakula chake.

Mama aliitwa Febronia, ila wengi walimwita Mama Sikujua, kwa jina langu. Alikuwa mkulima tu, mfupi, mbishi, asiyesoma kitu zaidi ya sala. Baba yangu, Gregory, alikufa kwa homa kabla ya njaa ile. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani na mtoto mchanga, Marcel, baada ya mume wangu kwenda Maganzo kutafuta almasi, akaona huko kuna watu wa kumfaa zaidi. Basi tukawa sisi, mtoto, na kihenge kimoja cha michembe, vile viazi vitamu tunavyokata na kuanika juani mpaka vikauke kabisa.

Mvua ikakataa. Mtama ukaungua shambani. Kabla ya Krismasi kila nyumba ilikuwa inasema kihenge chake kimekwisha, na hakuna wa kubisha, maana kwetu mtu hachungulii kihenge cha mwenzake. Hata mkwe hathubutu. Ukisema kimekwisha, kimekwisha.

Mama peke yake hakusema. Katekista wetu, Telesphori, alikuwa amefundisha kanisani kwamba wakati wa njaa mwenye chakula asimrudishe mwenzake mikono mitupu, Mungu atajua la kufanya. Wengine tulisikia mahubiri. Mama alisikia amri. Kila aliyebisha hodi alipata bakuli la michembe, awe ndugu, awe mtu aliyemsengenya jana yake.

Nilimchukia kwa hilo, nasema wazi. Maziwa yalikuwa yananikauka, Marcel analia mpaka sauti inakatika, na mama yuko mlangoni anawapimia watu. Nikamuuliza, unalisha wajukuu wa wenzio, wa kwako je? Akanijibu kwamba Mungu hajawahi kumdanganya, na hataanza leo kwa sababu ya tumbo langu. Sisi tulikuwa tunakula jioni tu, mlenda mwingi na michembe kiduchu. Hiyo ndiyo ilikuwa siri ya kihenge kile kutokwisha: wenyewe tulikuwa tunalala njaa. Watu hawakuliona hilo. Waliona kihenge.

Maneno yakaanza kisimani. Mbona cha huyu mjane hakiishi? Jibu likapatikana: Gregory hakufa. Mkewe kamgeuza msukule, anamlimisha usiku, mchana anamficha humo kihengeni. Baba yangu huyo, niliyemwona akifukiwa kwa macho yangu haya. Na walioyaeneza walikuwa wanayasema huku wanatafuna michembe yetu. Telesphori naye, mwalimu wa dini, akaacha kumwitikia mama salamu.

Kamanda wa sungusungu, wale walinzi wa kijiji wenye pinde na mishale, alikuwa Maduhu, Baba Maige, jirani yetu tangu tulipohamishiwa kijijini. Mkono wa birika, macho makavu, na mkewe hakukosa mlangoni kwetu hata siku moja. Asubuhi moja akaja na jeshi lake, filimbi zinalia, kijiji kizima kiko nyuma. Akamtangazia mama kwamba kihenge kitafunguliwa mbele ya watu. Kikikutwa kimejaa wakati kijiji kinakufa, basi uchawi umethibitika, nyumba itachomwa, na yeye akiondoka hai ashukuru bahati yake.

Mama alisema wafungue. Akakaa chini kwenye vumbi, akatoa rozari.

Kijana mmoja akapanda, akaondoa kifuniko cha nyasi, akachungulia. Akaingiza mguu, kisha wa pili, akazama mzima mpaka tukawa hatuoni hata nywele zake. Sauti ikatokea chini kabisa ikisema humo hamna kitu. Alipoibuka alikuwa ameshika michembe ya kujaza viganja, imechanganyika na vumbi. Ndiyo yote iliyobaki.

Ungedhani mtu ataomba radhi. Thubutu. Maduhu alikohoa, akasema kama ni hivyo shauri limekwisha, watu warudi makwao. Hapo damu ikanichemka. Nikasimama na mtoto mgongoni, nikamwambia mbele ya wote, "Kihenge cha mjane kimefunguliwa. Sasa twende tukaone na chako."

Watu wakageuka kumtazama. Hata wale vijana wa pinde walikuwa na njaa. Minong'ono ikapanda, mmoja akasema kweli, tuanze na cha kamanda.

Mama akanikatiza. Akasema hakuna kihenge cha mtu kitakachofunguliwa tena kwa nguvu; alichofanyiwa yeye hataki afanyiwe mwingine. Nilitamani kumziba mdomo. Kisha akachukua ungo wake, akatembea hadi kwa Maduhu, watu wote wakimfuata, akabisha hodi kama walivyokuwa wanabisha kwake. Akasema ameishiwa, anaomba chakula kwa ajili ya mjukuu wake.

Maduhu alikwama. Akisema hana, watu watataka kuona, kama alivyotaka kuona yeye. Akapanda mwenyewe kwenye kihenge chake, akafunua upande mdogo tu, akaingiza mkono. Haukuzama hata kufika kiwiko. Ukatoka na mtama mweupe, na kila mtu akaona. Akachota, akachota tena, jasho linamtiririka, maana kila akitaka kuacha watu walikuwa wanaguna. Ungo ukajaa.

Mama akapiga magoti palepale uani, akamshukuru Mungu kwa sauti. Maduhu akashuka na hasira zake.

"Mungu yuko wapi hapa?" akasema. "Aliyekupa ni mimi."

Mama akainuka, akajitwika ungo, akamtazama bila chuki hata kidogo, jambo ambalo liliniudhi kuliko yote ya siku ile.

"Wewe usingenipa, Baba Maige," akamwambia. "Ndiyo maana nilimwomba yeye."