Wimbo Nilioutafsiri Bila Kuuelewa

Habari hii nimeshaitoa vipande vipande, mke wangu nikampa kipande, ndugu yangu nikampa kingine, lakini yote kwa mpigo mmoja sijawahi, kwa sababu kila nikifika pale watoto wanapoanza kupiga makofi uso unanichoma, nakohoa, naanza kuuliza watu kama wamesikia mvua itanyesha. Leo nitaifikisha mwisho. Mkitaka kunicheka mnicheke, aibu ni yangu na nimeizoea.

Naitwa Ouma, mzaliwa wa Oyugis, na nyumbani kwetu tuliongea Dholuo tu, yaani Kijaluo, isipokuwa nyanya yangu, mama yake baba, ambaye alikuwa Msuba kutoka upande wa Sindo. Huyu nyanya Kisuba chake alikuwa anaongea na kuku, na pia akikasirika, kwa hiyo mimi nilibaki na salamu, kuhesabu mpaka tano, na matusi mawili matatu ambayo sitayarudia hapa (alikuwa mtu wa kanisa, tumwache apumzike).

Sasa ikatokea kwamba Daktari Robi anatafuta mtu. Huyu si daktari wa sindano, ni daktari wa vitabu, mama Mkuria wa Isebania anayefundisha chuo kikuu, na alikuwa na mradi ambao hata leo nauheshimu: kuwasikiliza akina nyanya wa Sindo wakieleza kwa lugha yao wenyewe jinsi walivyokuwa wakitunza mimba, watoto wachanga na watoto wagonjwa. Sehemu moja ya maneno yao ingepelekwa kwa manesi wa zahanati, wajue mama anakuja akiwa ameshafanya nini nyumbani. Sehemu nyingine ingekuwa kitabu cha kusoma cha watoto wa shule, kwa sababu Kisuba chenyewe kinaisha, watoto wote siku hizi ni Dholuo.

Akaniuliza, "Kisuba unakijua?"

Nikamjibu, "Nakijua, daktari. Ni lugha ya nyanya yangu."

Basi, ni hapo tu. Nusu ya pili ya jibu langu ilikuwa kweli kabisa, na niliegemea hiyo nusu. Nilijiambia hao akina nyanya wote wanaongea Dholuo pia, nikikwama nitauliza, kuna shida gani?

Shida ni kwamba siku ya kwanza Daktari Robi alinisimamisha mbele ya akina nyanya sita akasema, "Huyu ni mjukuu wenu kabisa, na lugha anayo." Wakapiga vigelegele. Mmoja wao, mama mwembamba mrefu anayeitwa Felgona, alinishika mikono yote miwili akaniangalia usoni kwa muda, akaniambia kwa Dholuo, "Nyakwara," yaani mjukuu wangu, "mimi nilidhani nitakufa bila kumwongelesha kijana kwa hii lugha." Sasa niambieni, baada ya maneno kama hayo unafungua mdomo vipi kusema lugha huijui?

Kwa hiyo sikusema. Kazi ikaanza. Utaratibu ulikuwa niulize swali kwa Dholuo, wao wajibu kwa Kisuba, mimi nirekodi, halafu nikakae nitafsiri kwa Kiswahili. Dani Felgona (dani ndiyo nyanya, na wote tulimwita hivyo) alikuwa anatuambia tuje siku yoyote isipokuwa Jumamosi, maana ni Msabato na Sabato yake haichezewi. Tulikaa jikoni kwake yeye akichagua omena, dagaa wa ziwani, kwenye ungo, mkaza mwanawe, Nyar Karungu, akiingia na kutoka. Anaongea, natikisa kichwa. Anaongea, nasema "mm." Neno likifanana na la Kiswahili naliandika pembeni: hili kama mwana, hili kama maji, hili kama majani. Jioni nachukua hayo maneno matatu nayashona pamoja mpaka yanakuwa ukurasa, na niwaambie ukweli, yalisomeka vizuri. Mtoto akiwa na homa chemsha majani, mwogeshe, mfunike. Nani atabisha?

Mara ya tatu nilipoenda nilimwuliza kuhusu surua. Akaweka ungo chini. Aliongea kama dakika arobaini bila kuniangalia, polepole, na kuna mahali alinyamaza muda mrefu hata nikatazama rekoda kama bado inafanya kazi. Halafu akaimba. Wimbo mfupi, wa chini chini, unarudi rudi. Akajifuta macho na leso yake, nami (Mungu anisamehe) nikasema, "Dani, moshi ni mwingi leo." Akaniangalia. Akasema neno moja ambalo sikulielewa, nikamjibu "mm."

Nyumbani nikaandika: *Mtoto wa surua huogeshwa kwa maji ya majani, hufungwa kwa shuka safi, hulazwa, huku mama akimwimbia wimbo wa kumbembeleza alale.* Wimbo nao nikautungia maneno ya Kiswahili, lala mwanangu, lala upone, nikajisifu kwamba kumbe hata ushairi naweza.

Daktari Robi alinishtua mara moja. Alikuwa amesikiliza rekodi na karatasi yangu mkononi.

"Ouma, hili neno hapa. Sisi Wakuria tuko na moja inafanana na hiyo. Kwetu ni kuzika."

"Kuzika?"

"Eeh. Na wewe umeandika kulaza."

Huo ndio ulikuwa mlango wangu wa kutokea, umefunguliwa wazi na mwenye nyumba mwenyewe. Lakini nikasikia mdomo wangu unajibu kama profesa, "Lugha hizi ni ndugu, daktari, lakini maana huwa zinahama." Akatafakari. Akasema sawa, wewe ndiye mjukuu wao. Akapita ukurasa.

Rekodi ya wimbo na tafsiri yangu zikapelekwa shuleni kwa mwalimu wa darasa la tatu, dada mmoja mchangamfu ambaye naye Kisuba hajui, ili watoto waimbe siku ya kurudisha matokeo kwa wenyeji. Alifanya kazi nzuri sana, na hilo ndilo linaloniuma. Sauti aliifuata vilevile, lakini kwa kuwa karatasi yangu ilisema ni wimbo wa kubembeleza, akaongeza makofi, mwendo kidogo, na maigizo.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi mchana. Darasa kubwa lilijaa, madawati yamesukumwa ukutani, wazee wamekaa mbele kwenye viti vya plastiki, nesi wa zahanati yuko, akina mama na watoto mgongoni wako, na Dani Felgona katikati ya mstari wa kwanza amevaa nguo yake ya kanisani. Mimi nilikuwa nimenyoosha shati mara mbili. Watoto kumi na wawili wakaingia na sweta zao, msichana mmoja amebeba mwanasesere wa matambara.

Wakaanza kuimba.

Wanamwogesha mwanasesere, wanapiga makofi. Wanamfunga leso, wanapiga makofi. Wanatabasamu kama walivyofundishwa. Akina mama vijana nyuma wakaanza kutikisika na mdundo, lakini mbele kulikuwa kumetulia, utulivu wa namna ambayo unausikia mwilini. Mzee mmoja akavua kofia. Nyanya aliyekaa pembeni yake akajifunika kichwa. Watoto wakamlaza mwanasesere sakafuni, na mmoja wao, kwa sababu mwalimu alikuwa amesikia wimbo unarudi rudi, akaongoza wenzake wakarudi hatua tatu huku wanacheka.

Mtu mwenye akili angekaa kimya. Mimi nilichukua kipaza sauti. Nilifikiri wazee hawajausikia vizuri, nikawaeleza kwamba huu ni wimbo wa kumlaza mtoto mgonjwa, na nikaanza kuwasomea tafsiri yangu, lala mwanangu, lala upone, kwa sauti ya kwenye redio kabisa.

Yule mzee wa kofia akasema kwa Kiswahili, bila kupandisha sauti, "Kijana, nani amekufa?"

"Hakuna mtu amekufa, mzee."

"Sasa mbona watoto wanaimba hiyo? Hiyo tulikuwa tunaimba tukizika mtoto."

Dani Felgona akainuka. Nilidhani anakuja kwangu, nikarudi nyuma kidogo, lakini alienda kwa wale watoto, akainama (magoti yanamsumbua, ilichukua muda), akaokota mwanasesere, akamfungua leso, akamrudishia yule msichana. Akawaambia kwa Dholuo, "Mmeimba vizuri, watoto wangu. Imetosha, nendeni mkacheze." Akangoja mpaka wa mwisho ametoka. Halafu akageuka, akaniuliza kitu kwa Kisuba. Sentensi fupi tu.

Darasa lote linaningoja. Daktari Robi ananiangalia. Nikatikisa kichwa, nikasema kwenye kipaza sauti, "Ni kweli kabisa, dani. Tunashukuru."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akanyamaza ghafla.

"Nimekuuliza kama umekula," akasema Dani Felgona kwa Dholuo, na nesi akawatafsiria wageni kwa Kiswahili, kwa hiyo nililisikia mara mbili.

Sikumbuki niliweka wapi kile kipaza sauti. Nakumbuka yeye akiongea, na sasa hakuwa anaongea na umati, alikuwa anaongea na mimi, ila hapakuwa na mahali pa kujificha pale. "Nilikuambia habari ya mtoto wangu wa kwanza. Auma. Surua ilimshika kabla hii zahanati haijajengwa. Nilimbeba mgongoni kutafuta hospitali, na mahali fulani njiani nikajua nimebeba mtu ambaye hayupo, na nikaendelea kutembea. Nyar Karungu amekaa kwangu hii miaka yote sijawahi kumwambia. Nilikuambia wewe, kwa sababu ulikuwa unatikisa kichwa. Nikasema huyu ananisikia. Kumbe nilikuwa naongea peke yangu."

Nyar Karungu alikuwa amesimama mlangoni, na mkono ameweka mdomoni.

"Kama ungesema hujui, ningekuambia kwa Dholuo," akasema Dani. "Dholuo naongea tangu niolewe. Ulikuwa unaogopa nini?"

Nilisema tu, "Dani, nisamehe." Aliomba mtu amsaidie ngazi za mlangoni, akaenda nyumbani, na mstari wote wa mbele ukainuka ukamfuata, kiti kimoja baada ya kingine.

Daktari Robi hakunipigia kelele, na ningependa angenipigia. Alikaa kwenye dawati dogo la darasa la tatu akafunua kurasa zangu zote akisema, "Na hii? Na hii, Ouma?" na mimi nikijibu kila mara, "Sijui, daktari." Kwenye ukurasa wa dawa ya kuhara, ambao ulikuwa umebaki wiki mbili tu upelekwe kwa manesi, alisimama. Ilikuja kujulikana baadaye kwamba nyanya aliyehojiwa alikuwa anaeleza ni majani gani mtoto *asipewe* kamwe, kwa sababu yanamdhuru. Mimi nilikuwa nimeandika apewe asubuhi na jioni. Usiku mwingine naamka na ukurasa ule.

Tafsiri ikaanza upya kwa mwalimu mmoja mstaafu wa kutoka visiwani, anayekijua Kisuba kweli, ambaye kila sentensi alimsomea mwenyewe aliyeisema mpaka akubali. Daktari Robi hakunifukuza. Alinirudisha kwa kila nyanya, mmoja mmoja, nikaseme kwa mdomo wangu nilichofanya. Watano walinipokea, kila mmoja kwa namna yake (mmoja alinipa uji, mwingine alinitukana, na la kushangaza matusi niliyaelewa). Kwa Dani Felgona nilienda mara tatu akiwa "amepumzika." Mara ya nne Nyar Karungu aliniletea kiti nje.

Dani alitoka, akakaa. Alikubali kwamba habari ya Auma isimuliwe tena, ili manesi wajue mama anapochelewa kufika si kila mara ni uzembe, lakini wimbo ukatolewa kwenye kitabu cha watoto, na alitaka aifute mwenyewe ile rekodi. Nikamwonyesha pa kubonyeza. Akabonyeza. Halafu nesi na mwalimu mstaafu wakafika, akawaingiza jikoni.

"Wewe kaa hapa," akaniambia.

Nilikaa pale nje mchana mzima karibu na omena zilizoanikwa, nikifukuza kuku, nikisikia sauti yake ndani bila maneno. Nyar Karungu ndiye alikuwa amekaa karibu naye, bega kwa bega. Nilimwona mlango ulipofunguliwa.

Kitabu kilitoka. Mwanzoni kuna ukurasa unaoeleza kwa nini mahojiano sita yalirudiwa, unasema mkalimani wa kwanza hakuielewa lugha na hakusema. Daktari Robi aliniuliza kama jina liachwe, nikamwambia aliweke. Wanangu watalisoma siku moja na wataniuliza, na nimeapa nitawajibu lile lililonishinda kusema mbele ya nyanya sita waliokuwa tayari kunisaidia: sikujua, na niliona haya kuuliza. Siku hizi mtu akinieleza jambo zito na neno moja likanipita, namsimamisha hapohapo, hata kama analia, hata kama wageni wanatuangalia, namwambia samahani, hapo sijakusikia, rudia.